Kusoma ukurasa uliopakwa rangi

Ukikabidhiwa kitabu ambacho mtu amezipaka rangi kurasa zake, akazichora juu na kuacha maneno machache tu yakichungulia, kisha ukaambiwa ueleze maneno na picha yanavyoshirikiana humo, mkono wako utakimbilia kalamu uyanakili yale maneno. Uzuie. Nimetoka kumaliza tasnifu ya uzamili kuhusu kazi za namna hiyo, na sehemu kubwa ya usingizi nilioupoteza ilitokana na daftari la maneno niliyoyanakili.

Mimi ni mtu wa fasihi. Uchoraji sikuwahi kuusomea. Tulipotakiwa kuchagua mada wenzangu walichukua riwaya nene na tamthiliya, mimi nikaona kitabu chenye maneno kumi au kumi na tano kwa ukurasa hakiwezi kunishinda. Nilikuwa nimesikia habari za vitabu vilivyogeuzwa: msanii huchukua kitabu kilichokwisha kuchapishwa, mara nyingi kikuukuu ambacho hakuna anayekitaka, akakifanya ndiyo turubai yake. Hufuta, hubandika kolaji (vipande vya picha na karatasi), hushona, hukunja, hutoboa. Kitu kinachopatikana mwishoni hujui ukiweke kwenye rafu au ukitundike ukutani.

Kinachojulikana kuliko vyote ni *A Humument* cha Mwingereza Tom Phillips, nami nikaanza nacho kwa sababu maktaba ilikuwa nacho. Mwaka 1966 Phillips alijiwekea sharti kwamba kitabu cha kwanza atakachokikuta kwa pensi tatu ndicho atakachokifanyia kazi ya muda mrefu. Akakikuta kwenye duka la samani kuukuu huko Peckham Rye, London: riwaya ya W. H. Mallock iitwayo *A Human Document*, ya mwaka 1892. Jina jipya alilipata kwa kukunja ukurasa mmoja juu ya mwingine. Jina la kitabu lililochapwa juu ya kurasa likamezwa katikati, herufi za mwanzo zikaangukia za mwisho. Tangu hapo aliendelea kuipaka rangi riwaya hiyohiyo kwa miaka hamsini. Toleo la kwanza la kuuzwa madukani lilitoka 1980, la sita na la mwisho 2016, naye akafariki 2022.

Hapa kuna jambo la kiutendaji ambalo laiti ningeambiwa mapema. Kila toleo lilikuja na kurasa zilizofanywa upya, kwa hiyo ukurasa wenye namba ileile waweza kuwa na mchoro tofauti na maneno tofauti kabisa. Mimi na mwanafunzi mwenzangu tuliwahi kubishana karibu tushikane mashati juu ya ukurasa mmoja, yeye akidai rangi yake ni nyekundu, mimi nikidai ni kijani. Wote tulikuwa sahihi. Andika toleo lako kwenye kila kadi ya maandalizi, si kwenye marejeo tu.

Basi nikafanya nilivyofunzwa. Nilisoma maneno yaliyoachwa wazi kutoka juu kwenda chini, nikayanakili daftarini yakiwa yamepangika kama beti, nikatafuta dhamira, sitiari, takriri. Picha nikazipa sentensi moja moja mwishoni: picha hii inasisitiza huzuni, picha ile inasisitiza upweke. Rasimu ya kwanza niliipeleka nikiwa na furaha. Msimamizi wangu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliirudisha akiwa amelizungushia duara neno "inasisitiza" kila lilipotokea.

"Mwanangu," akaniambia, "umenichambulia mashairi, na umeyachambua vizuri. Hebu niambie, yameandikwa na nani?"

Nikamtaja Phillips.

"Phillips hakuandika hata neno moja humu."

"Basi ni Mallock, mwalimu."

"Mallock aliandika riwaya. Hakuandika shairi hata moja katika haya. Nenda kaniletee mtunzi."

Nilitoka ofisini kwake nimekasirika, na hasira hiyo ilinichukua siku kadhaa. Nilihisi ananichezea. Lakini swali lake halikuwa na jibu jingine isipokuwa lile alilolitaka: aliyetunga ni brashi. Mallock alichapa maneno mamia katika ukurasa, na ndani ya mamia hayo mna mashairi yasiyohesabika. Rangi ndiyo iliyofunika haya ikaacha yale. Kwa hiyo picha haikuja baadaye kulipamba shairi. Pasipo ile rangi shairi halipo kabisa, na anayelinakili daftarini analichomoa kutoka kwenye kitu kilicholifanya liwe shairi.

Baada ya hapo niliisoma upya insha ya mhakiki Mfaransa Roland Barthes ya mwaka 1964, ile anayochambua tangazo la tambi. Barthes anasema picha huwa na maana nyingi zinazoelea, na maneno yaliyoandikwa juu yake hutia nanga, yakaishika maana moja isichukuliwe na mkondo. Kuna kazi nyingine ya maneno anayoitaja, ambapo maneno na picha hupokezana, kila kimoja kikisema kile ambacho mwenzake hakukisema, kama katika katuni. Nilikuwa nimeinukuu insha hiyo katika rasimu ya kwanza bila kugundua kuwa katika kitabu kilichogeuzwa mambo yamepinduka. Humu yanayoelea ni maneno, na picha ndiyo inayotia nanga. Mchoro ndio unaokuambia usome neno hili ukiruke lile, uende huku kwanza kabla ya kule.

Tazama vile vinjia vyeupe ambavyo Phillips huviacha kati ya neno na neno. Wapiga chapa huita "mito" zile nyufa nyeupe zinazojitokeza kwa bahati pale nafasi za mistari kadhaa zinapoangukiana. Phillips hufuata nyufa za namna hiyo, akaziacha bila rangi, zikawa njia ya jicho. Kinjia kikipanda juu, unasoma kwa kupanda. Kikigawanyika mara mbili, una sentensi mbili, na hakuna atakayekuambia ipi ya kwanza. Daftari langu lilikuwa limeondoa yote hayo. Nilikuwa nimeunyoosha usomaji ambao msanii aliupinda kwa makusudi.

Jambo jingine la kutafuta ni masharti ambayo msanii amejiwekea. Phillips ana mhusika aitwaye Toge, ambaye Mallock hakumjua. Huyo hutokea tu pale ambapo ukurasa wa riwaya ulikuwa na neno la Kiingereza *together* au *altogether*, kwa sababu jina lake limekatwa humo. Kwa hiyo hadithi ya Toge inatawaliwa na msamiati wa mtu aliyeandika 1892 bila habari naye. Ukiligundua sharti kama hilo unaacha kujiuliza kwa nini mhusika ametoweka kurasa nyingi. Huenda msanii hakuwa na dhamira yoyote ya kumficha, ila neno tu halikuwepo.

Hata hivyo, aliyenifungua macho hasa hakuwa Phillips. Kijana mmoja msanii, ambaye ameniomba nisimtaje, alikuwa amegeuza riwaya kuukuu ya Kiswahili iliyokwisha kupoteza jalada. Aliniazima kwa sharti la kunawa mikono na kutokula karibu nayo. Nitaeleza kurasa mbili tu.

Wa kwanza umepakwa wote rangi ya kijivu cha mawingu ya mvua. Katikati pamechorwa nyumba: paa, ukuta, mlango, dirisha. Chini kabisa limeachwa neno moja, "kimevunjika". Basi. Niliuangalia ukurasa huo kwa muda mrefu nikiandika habari za ukiwa na familia zilizosambaratika, mpaka sarufi ikanikaba koo. Nyumba ikivunjika tunasema imevunjika. Paa limevunjika, ukuta umevunjika, mlango umevunjika. Ni nani huyu wa KI? Nikaanza kumtafuta ndani ya mchoro kama mtu aliyeangusha ufunguo: kiti hakipo, kitanda hakipo, kizingiti kizima. Mwishowe nikaona kwenye dirisha mstari mwembamba mno, mweupe, unaokata pembe hadi pembe. Kioo. Neno "kioo" halijaandikwa popote. Tena ule mstari mweupe haukuchorwa. Ni ufa ulioachwa bila rangi, mto wa wapiga chapa uliokuwa ukipita kati ya maneno ya ukurasa wa zamani.

Ona kilichotokea hapo. Kitenzi kiko kwenye maandishi, nomino yake iko kwenye picha, na upatanisho wa kisarufi umeruka kutoka huku hadi kule. Ukilitoa neno, una nyumba tu. Ukiitoa picha, una kitenzi yatima. Sasa nilikuwa na mfano wa ushirikiano ambao hauwezi kusemwa kwa "inasisitiza", na lugha yetu ina bahati yake katika hili, maana ngeli zinamlazimu msomaji atafute mwenye kiambishi hata pale ambapo msanii amenyamaza. Tangu siku hiyo kila nikikuta kitenzi au kivumishi kilichoachwa peke yake, nauliza kwanza ni cha ngeli gani, kisha naitazama picha.

Ukurasa wa pili ndio ulionitoa jasho. Kuna ndege aliyeruka, bawa lake limepakwa kwa rangi ya maji iliyotiwa maji mengi sana. Bawa linapita juu ya mwanzo wa neno "hatutarudi", likaifunika "ha". Kwa mbali unasoma "tutarudi". Ukiusogeza ukurasa dirishani, "ha" inaonekana chini ya bawa, imefifia lakini ipo. Katika maandalizi yangu ya mwanzo niliandika "tutarudi", nikajenga hoja nzima ya matumaini juu yake. Sababu ilikuwa ya kijinga: ili kubana matumizi nilikuwa nikifanyia kazi fotokopi nyeusi-nyeupe, na mashine ilikuwa imeligeuza bawa kuwa doa jeusi.

Katika kitabu chenyewe hakuna tumaini lililotimia wala ukanushi uliofutwa. Kuna ukanushi uliofunikwa kwa kitu chepesi ambacho hakiwezi kuufunika. Unene wa rangi ndio unaobeba maana, na hakuna uchambuzi wa maneno utakaoufikia. Toka hapo nikawa na safu mpya kwenye jedwali langu la maandalizi: je, kilichofunika kinaficha kabisa, kinafifiza, au kinaonyesha? Karibu kila ukurasa ulibadilika nilipoujibu upya kwa swali hilo. Rangi nzito husema neno limefutwa. Rangi nyepesi husema mtu anajaribu kulifuta, ambayo ni habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo, kama unaanza kazi ya aina hii, bajeti yako iwe na nakala za rangi, au piga picha mwenyewe mchana kando ya dirisha. Piga picha moja mwanga ukitoka juu na nyingine ukitoka ubavuni, maana mwanga wa ubavuni hutoa mikwaruzo, mikunjo na gundi. Kisha geuza ukurasa utazame nyuma. Wino huvuja, na mara nyingi kilichovuja kimetumiwa upande wa pili kama mwanzo wa mchoro mwingine.

Swali la kitabu cha chini lilinichukua muda pia. Nakusudia ile riwaya iliyokuwepo kabla ya rangi. Ya Mallock haina tena hakimiliki, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kutoisoma. Ile ya Kiswahili niliitafuta mpaka nikakata tamaa, na nakala niliyoipata hatimaye ilikuwa imenyofoka kurasa za mwisho. Humo nikakuta kwamba kilichovunjika kilikuwa kiti, kimerushwa katika ugomvi wa ndugu, na waliosema "hatutarudi" walikuwa watoto wawili waliofukuzwa. Nilitamani kuandika kwamba sasa nimepata maana ya kweli. Msimamizi wangu aliniuliza kama mtu asiyeisoma riwaya hiyo ameshindwa kukisoma kitabu cha kijana. La, hajashindwa. Lakini anayeijua husikia ugomvi nyuma ya ule ufa wa kioo. Nikaamua kuandika usomaji wote wawili, na kila mara kutaja nasimama wapi: hapa nasoma kama mgeni, hapa nasoma kama aliyeinua rangi akachungulia. Wengi niliowasoma huchanganya hizo mbili katika sentensi moja, na hoja zao hazishikiki.

Kuna kazi zilizonisaidia kupima mipaka ya jambo lenyewe. Mbelgiji Marcel Broodthaers, mwaka 1969, alichukua shairi la Mfaransa Stéphane Mallarmé, *Un coup de dés jamais n'abolira le hasard*, lililotoka mara ya kwanza 1897, akafunika kila mstari kwa ufito mweusi unaolingana na urefu na ukubwa wa herufi zake. Katika kurasa hizo za fito hakuna neno la shairi linalosomeka. Jaladani, palipokuwa pameandikwa kwa Kifaransa kwamba hili ni shairi, akaandika kwamba ni picha. Nilipoziona zile fito zikipanda na kushuka niligundua kwamba mpangilio wa shairi lile ulikuwa mchoro tangu mwanzo, ila maneno yalikuwa yananizuia nisiuone. Kwa upande mwingine kuna *Tree of Codes* cha mwandishi Mmarekani Jonathan Safran Foer, cha 2010, kilichokatwa kutoka kitabu cha mwandishi wa Poland, Bruno Schulz. Hicho hakina rangi wala mchoro, kina matundu tu. Ukikifungua unaona maneno ya ukurasa wa tano, wa sita na wa saba kwa pamoja, yanachanganya kichwa. Weka karatasi nyeupe nyuma ya ukurasa unaousoma, maneno yake yatabaki peke yake. Kisha iondoe usome tena pamoja na yanayochungulia kwa chini. Usomaji wa pili ndio wenye picha, kwa maana kina cha matundu ndicho kinachoonekana.

Wasanii walio hai wahoji, lakini usiwaachie kazi yako. Katika kitabu cha kijana kulikuwa na doa la bluu lililotanda nusu ukurasa, nami nilikuwa nimeliandikia habari ndefu za bahari na kutengana. Nilipomsomea alicheka: wino ulimwagika. Nusura niifute sehemu yote. Kisha nikamuuliza swali ambalo sasa namuuliza kila msanii: kipi kilitangulia hapa, maneno au rangi? Akasema doa lilitangulia, naye akalikalia wiki akitafuta maneno yaliyobaki nje ya doa yanayoweza kwenda nalo. Basi doa lilikuwa limechagua maneno, yeye akakubali. Habari za bahari niliziondoa, nikaandika juu ya mpangilio huo wa utendaji, na ndiyo aya ambayo naionea fahari zaidi katika tasnifu nzima. Kurasa nyingine alianza na neno. Hizo husomeka tofauti: picha inazunguka neno, hailibani.

Mambo ya ruhusa yalinichelewesha kuliko uandishi. Kutazama picha ni bure, kuichapa ndani ya tasnifu itakayowekwa mtandaoni ni shauri jingine. Kwa msanii aliye hai andika barua fupi, taja kurasa unazozitaka na ukubwa wa picha, upate jibu la maandishi. Kwa vitabu vya wachapishaji wakubwa anza mapema, kwani kuna barua niliyojibiwa baada ya tasnifu kufungwa jalada. Usipopata ruhusa utalazimika kueleza ukurasa kwa maneno matupu. Fanya zoezi hilo hata kama ruhusa unayo. Mimi nilikuwa nikieleza kila ukurasa kwa aya moja isiyo na tafsiri yoyote: nini kiko wapi, rangi gani, nene au nyepesi, neno lipi limeguswa na mstari upi. Nusu ya hoja zangu zilijitokeza wakati wa kuandika aya hizo kavu.

Kwenye utetezi mtahini wa nje aliniuliza nitajuaje kama usomaji wangu umekwenda kombo. Nilimjibu kwa kipimo nilichokuwa nakitumia mwenyewe: naifunika picha kwa mkono, nasoma tafsiri yangu. Ikiwa bado inasimama vilevile, nimechambua shairi. Kisha nayafunika maneno. Ikiwa bado inasimama, nimechambua mchoro. Tafsiri ya kitabu kilichogeuzwa sharti ianguke pande zote mbili. Akaufungua ukurasa wa "kimevunjika" kwenye kiambatisho, akaweka kiganja juu ya nyumba, akanyamaza kidogo, akakitoa, kisha akaniambia picha zangu hazina vipimo wala toleo chini yake. Ndiyo marekebisho pekee niliyotakiwa kuyafanya, na yalinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu vitabu viwili vilikuwa vimesharudi maktaba.